Mji wa Makuli na Wavuvi Unapopewa Heshima ya Utamaduni

Kila mara mji wa bandari na viwanda unapotangazwa kuwa umepewa heshima ya utamaduni, watu huuliza swali lile lile: heshima hiyo ni ya nini hasa? Wanaufahamu mji huo kwa makontena, moshi, harufu ya samaki na habari za ukosefu wa ajira, kisha ghafla wanausikia ukitajwa pamoja na Florence au Paris. Wapo wanaodhani waamuzi wamekosea, wapo wanaoona ni huruma ya serikali kwa mji uliodorora, na wapo wanaoamini ni mbinu ya kujaza hoteli. Hayo yote yalisemwa mwezi Novemba 2013, ulipotangazwa mji wa Hull, ulioko mashariki mwa Uingereza pale mto Hull unapoingia katika mlango mpana wa mto Humber, kuwa Mji wa Utamaduni wa Uingereza kwa mwaka 2017. Miaka kumi kabla ya hapo, kitabu kimoja cha mzaha kilikuwa kimeuweka nafasi ya kwanza miongoni mwa miji mibaya zaidi ya kuishi nchini humo, na wengi waliousikia ushindi wake waliikumbuka nafasi hiyo kabla ya kukumbuka jambo jingine lolote.

Hoja ya makala haya ni kwamba Hull uliistahili heshima hiyo, na kwamba uliistahili kutokana na bandari na viwanda vyake vyenyewe. Hata hivyo, hoja hiyo haiwezi kupimwa vizuri kabla ya kutenganisha mambo ambayo taarifa za habari huyachanganya kila siku, kwa kuwa mji unaweza kutambuliwa kiutamaduni kwa njia tatu tofauti, na kila njia ina wasimamizi wake, masharti yake na matokeo yake.

Heshima tatu zinazochanganywa

Njia inayojulikana zaidi ni kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, inayosimamiwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, chini ya mkataba wa mwaka 1972. Kinachoingizwa humo ni mahali penye mipaka iliyochorwa kwenye ramani, iwe ni majengo, mitaa au mandhari, ambapo nchi husika imethibitisha kwamba pana thamani ya pekee kwa walimwengu wote. Nchi hiyo hujifunga kupahifadhi, na ikishindwa, jina la mahali hapo linaweza kufutwa. Njia ya pili ni uanachama wa Mtandao wa Miji Bunifu, ambao pia ni wa UNESCO na ulianzishwa mwaka 2004. Hapo majengo si hoja kubwa. Mji huomba kujiunga kwa kutumia fani moja, kama vile muziki, fasihi, usanifu, filamu au mapishi, na huahidi kuikuza fani hiyo huku ukishirikiana na miji mingine iliyomo.

Njia ya tatu ni cheo cha muda, na hiki ndicho kinachozua mkanganyiko mwingi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikianzisha mwaka 1985 kwa pendekezo la Melina Mercouri, mwigizaji mashuhuri aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ugiriki, na mji wa kwanza kukipata ulikuwa Athens. Kikafuatiwa na Florence, Amsterdam, Berlin Magharibi na Paris, kisha mwaka 1990 kikaenda Glasgow, mji wa Scotland uliojengwa kwa chuma na meli kando ya mto Clyde. Hapo ndipo maana ya cheo ilipoanza kubadilika, kwa sababu hadi wakati huo kilikuwa kinathibitisha tu sifa ambazo kila mtu alikwishazijua. Baadaye Uingereza ikaanzisha cheo chake yenyewe, ambacho hutolewa kila baada ya miaka minne: Derry wa Ireland ya Kaskazini ulikuwa wa kwanza mwaka 2013, ukafuatiwa na Hull mwaka 2017, Coventry mwaka 2021 na Bradford mwaka 2025.

Anayetaka kuona tofauti ya njia hizi tatu kwa uwazi kabisa autazame mji wa Liverpool, ambao ni bandari kongwe upande wa magharibi wa nchi hiyo hiyo. Mwaka 2004 eneo lake la bandari liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2008 mji huo ulikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Mwaka 2015 ulijiunga na Mtandao wa Miji Bunifu kwa fani ya muziki. Kisha mwezi Julai 2021, UNESCO ililifuta eneo la bandari kutoka katika orodha yake kwa sababu ya ujenzi mpya uliokuwa umebadilisha sura ya ukingo wa maji, ukiwamo mpango wa uwanja wa mpira wa miguu ndani ya gati la zamani. Lilikuwa eneo la tatu tu kuwahi kufutwa duniani. Watu wengi walisoma habari hiyo wakahitimisha kwamba Liverpool umenyang'anywa heshima ya utamaduni. Hapana. Kilichoondolewa ni hadhi ya eneo moja lenye mipaka, ilhali uanachama wa muziki uliendelea na mwaka 2008 ulikuwa tayari umekwisha kwa heshima zake zote.

Kwa hiyo anayeuliza kama Hull unalingana na Florence anatumia kipimo cha njia ya kwanza kuhukumu njia ya tatu. Cheo cha mwaka mmoja hakifanani na zawadi anayopewa mkulima aliyevuna magunia mengi kuliko wenzake. Kinafanana zaidi na mbegu anazopewa mwenye shamba zuri ambalo majirani walikuwa wamelidharau. Waamuzi huuliza mji una nini, unakusudia kukifanyia nini katika miezi kumi na miwili, na nini kitabaki baada ya hapo. Ombi la Hull lilijengwa juu ya wazo la mji unaotoka vivulini, likayashinda maombi ya Dundee, Leicester na Swansea.

Utamaduni uliozaliwa kazini

Hata baada ya maelezo hayo, linabaki pingamizi zito zaidi: kwamba mji wa makuli, wavuvi na wafanyakazi wa viwandani hauna shamba lolote la kupandia mbegu hizo. Pingamizi hili linatokana na kuuona utamaduni kuwa ni kumbi za opera, makasri na sanamu za marumaru. Kwa maana pana na sahihi zaidi, utamaduni ni jumla ya namna watu wanavyofanya kazi, wanavyoabudu, wanavyoomboleza, wanavyosherehekea na wanavyosimulia mambo yao. Sanaa ni sehemu moja ya jumla hiyo, ile inayotengenezwa kwa makusudi ili itazamwe, isikilizwe au isomwe. Urithi ni kile ambacho watu wamekipokea kutoka kwa waliotangulia na wanakusudia kukikabidhi kwa wanaokuja.

Tuipime maana hiyo katika mtaa mmoja tu, Hessle Road, ambako ziliishi familia za wavuvi wa Hull. Meli za kukokota nyavu zilikwenda hadi bahari za kaskazini karibu na Iceland na Norway, zikakaa huko takriban wiki tatu, kisha zikarudi na wanaume waliopata mapumziko ya siku tatu hivi kabla ya kuondoka tena. Katika siku hizo walitumia pesa bila kubana, wakavaa suti za rangi za kung'aa zilizoshonwa kwa oda, koti likiwa na marinda mgongoni na suruali ikiwa pana miguuni, na mji wote ukawaita matajiri wa siku tatu. Wake zao walikuwa na miiko yao. Mke hakufua nguo siku mumewe anaposafiri, kwa kuhofia kwamba naye angefagiliwa na maji kutoka sitahani. Hakumpungia mkono, ikiaminika kwamba ishara hiyo ingeliita wimbi limchukue. Hakufuatana naye hadi gatini. Mtu anayejua mila za wavuvi popote pale duniani ataitambua mara moja hali hii: watu wanaotegemea kitu wasichoweza kukitawala hujiwekea kanuni ndogo ndogo za kuishi nacho, na kanuni hizo hugeuka kuwa mavazi, misemo, miiko na nyimbo. Vyuo vikuu vikikuta mambo kama hayo katika kisiwa cha mbali huyaandikia tasnifu, na sioni kwa nini yasihesabiwe yakikutwa nyuma ya kiwanda cha samaki.

Miiko hiyo haikuwa ya bure. Inakadiriwa kwamba katika historia ya uvuvi wa Hull wapatao 6,000 walipotea baharini. Kati ya mwezi Januari na Februari 1968, katika muda wa wiki chache, meli tatu za mji huo, St Romanus, Kingston Peridot na Ross Cleveland, zilizama moja baada ya nyingine, zikafa nazo roho 58. Katika meli ya tatu alinusurika mtu mmoja peke yake. Ilibainika kwamba St Romanus ilikuwa imeondoka bandarini bila fundi wa redio, hivyo ukimya wake haukushtua watu mapema kama ulivyopaswa. Ndipo Lillian Bilocca, mama aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha samaki, akazunguka Hessle Road na wenzake wakiwa wamejifunga vitambaa kichwani, wakakusanya saini zipatazo 10,000, wakaenda gatini kuzikagua meli zinazoondoka, kisha wakapanda treni hadi London kuonana na mawaziri. Walidai kila meli iwe na fundi wa redio na kuwe na meli ya huduma yenye daktari kwa ajili ya wavuvi walioko mbali. Madai yao yalikubaliwa, na sheria za usalama baharini zikabadilika. Bilocca mwenyewe alitumiwa barua za vitisho na akapoteza kazi, na alifariki mwaka 1988 bila kupewa heshima iliyolingana na alichokifanya.

Leo sura za wanawake hao zimechorwa kwenye kuta za mtaa huo, na mwezi Novemba 2017 mkasa wao uliigizwa ndani ya jengo la Guildhall, makao ya halmashauri ya mji, watazamaji wakitembea kutoka chumba hadi chumba. Mchezo huo ulikuwa sanaa nzuri, lakini haukuwa mwanzo wa utamaduni wenyewe. Ule mshikamano wa wanawake waliofahamiana kwa kuhesabu pamoja siku za kurudi kwa meli ulikuwapo nusu karne kabla ya cheo chochote.

Bandari hiyo ilizaa pia sanaa kwa maana finyu kabisa ya neno hilo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Hull ulikuwa miongoni mwa bandari kuu za Uingereza za kuwinda nyangumi, na katika miezi mirefu ya kungoja, mabaharia walichukua meno ya nyangumi, wakayasugua yakalainika, wakachora juu yake kwa ncha ya sindano meli zao, nyangumi waliowaua na wanawake waliowaacha nyumbani, kisha wakapaka masizi au wino ili mistari ionekane. Makumbusho ya bahari ya Hull ina mkusanyiko mkubwa wa meno hayo. Walioyachora hawakuwa na shule ya sanaa wala mnunuzi. Walikuwa na kisu, sindano na muda.

Mlango wa kupita mataifa

Mji wa bandari una jambo jingine ambalo mji wa bara huwa nalo kwa uchache: watu wasiokuwa wake hupita humo kila siku, na kupita kwao huacha alama. Kati ya mwaka 1836 na 1914 wahamiaji zaidi ya milioni mbili kutoka Sweden, Norway, Denmark, Ujerumani na Urusi walishukia Hull, wakapanda treni hadi Liverpool na kuvuka bahari kuelekea Marekani. Wengi walikaa kwa saa chache tu. Baadhi walibaki moja kwa moja. Katika barabara ya High Street, hatua chache kutoka mtoni, ndiko alikozaliwa William Wilberforce mwaka 1759, mwana wa familia ya wafanyabiashara waliojitajirisha kwa bidhaa za nchi za Baltiki. Alikuwa mbunge wa mji huo kuanzia mwaka 1780 hadi 1784, kisha wa jimbo la Yorkshire, na ndiye aliyeongoza bungeni kampeni iliyopiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza mwaka 1807. Hull ulielekea bahari ya mashariki, na kwa hiyo haukuitegemea biashara hiyo kama ilivyotegemewa na Liverpool na Bristol. Hali hiyo ya kijiografia ilimrahisishia mwana wa mji huo kusema yale ambayo yangemgharimu kiti mbunge wa bandari nyingine. Nyumba aliyozaliwa imekuwa makumbusho tangu mwaka 1906.

Jambo hilo lilipata mwangwi usiotarajiwa mwaka ule wa cheo. Tuzo ya Turner, ambayo ndiyo mashuhuri kuliko zote za sanaa ya kisasa nchini Uingereza, mwaka 2017 ilifanyiwa maonyesho yake katika jumba la sanaa la Ferens mjini Hull, na mwezi Desemba mshindi aliyetangazwa mjini humo alikuwa Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Komoro na mama yake Mwingereza. Alikuwa na umri wa miaka 63. Mwaka huo ndio kwanza kilikuwa kimeondolewa kikomo cha miaka 50 kwa washindani, na yeye akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Miongoni mwa kazi zake ni ile ya mwaka 2007 ambamo alichukua sahani, mabakuli na majagi ya zamani yaliyonunuliwa madukani, akachora juu yake sura za watumwa na za matajiri wa Lancaster, mji mwingine wa bandari uliofaidika na biashara ya watu. Kwa msomaji wa Kiswahili, inafaa kutua kidogo hapa: msanii mwenye asili ya Unguja, aliyetumia miaka mingi kuonyesha namna bandari zilivyotajirika kwa migongo ya Waafrika, alitunukiwa katika mji alikozaliwa Wilberforce. Kwa maoni yangu hakuna tukio la mwaka ule lililoonyesha vizuri zaidi kwamba historia ya bandari si mali ya wakazi wake peke yao.

Kwa nini mji wa namna hii husahaulika

Dhana kwamba mji husahaulika kwa kuwa hauna kitu ni rahisi mno. Hull ulisahaulika kwa sababu zinazotajika. Uko mwisho wa njia, na msafiri hapitii humo akienda mahali pengine isipokuwa anapanda meli. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, asilimia zipatazo 95 za nyumba zake ziliharibiwa kwa kiwango fulani na mabomu, na watu wapatao 1,200 waliuawa. Lakini kwa sababu za kiusalama taarifa za redio na magazeti mara nyingi zilizungumzia tu mji mmoja wa pwani ya kaskazini-mashariki, kwa hiyo mateso ya London yakajulikana ulimwenguni na ya Hull yakabaki bila jina. Mitaa ilijengwa upya haraka na bila fahari, na mgeni anayeiona leo huona ubaya wa majengo bila kuijua sababu yake. Kisha mgogoro wa uvuvi baina ya Uingereza na Iceland ulimalizika mwaka 1976 kwa Iceland kubaki na mamlaka juu ya maji yake hadi umbali wa maili 200, na uvuvi wa mbali uliokuwa uhai wa Hessle Road ukafa karibu kwa mkupuo mmoja.

Kutengwa huko kulikuza pia tabia ya kujitegemea, ambayo ni sehemu ya utamaduni wa mji. Halmashauri ya Hull ilianzisha huduma yake yenyewe ya simu mwaka 1904 na kuishikilia karne nzima karibu, na ndiyo maana hadi leo vibanda vya simu mjini humo vina rangi ya maziwa ilhali nchi nzima vinajulikana kwa wekundu. Ni jambo dogo, lakini mtu wa Hull aliye ugenini huliona kibanda chekundu akajua hayuko kwao.

Mji wa Ufaransa wa Le Havre unathibitisha kwamba hata ubaya unaosemwa ni suala la kutazama vizuri. Nao ni bandari ya viwanda, nao ulibomolewa na mabomu mwezi Septemba 1944, na msanifu Auguste Perret aliongoza kuujenga upya kwa zege tupu. Kwa miongo kadhaa Wafaransa wengi waliuona kuwa mji wa kijivu usio na haiba. Mwaka 2005 UNESCO iliingiza kitovu chake katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya zege hilo hilo. Na mchoro ambao jina lake lilizaa jina la vuguvugu zima la wachoraji wa Kifaransa wa karne ya 19, ule wa Claude Monet wa mwaka 1872, haukuonyesha bustani wala kanisa; ulionyesha alfajiri katika bandari ya Le Havre, pamoja na milingoti, kreni na moshi wa mabomba ya viwanda.

Panga katikati ya uwanja

Mwezi Januari 2017 wakazi wa Hull waliamka wakakuta panga moja la mtambo wa umeme wa upepo, lenye urefu wa mita 75, limelazwa katika uwanja wa Queen Victoria katikati ya mji, likiinuka polepole kutoka upande mmoja hadi mabasi ya ghorofa yakapita chini ya ncha yake. Lilikuwa limetengenezwa na wafanyakazi wa mji huo huo katika kiwanda cha Siemens kilichoko gati la Alexandra, na msanii Nayan Kulkarni ndiye aliyeliweka hapo. Hakuligusa wala kulipaka rangi. Watu walibishana mitaani kama hiyo ni sanaa, na ubishi huo ulikuwa na manufaa, kwa sababu kila aliyelisogelea alilazimika kuona kwa macho yake umbo laini, lililopinda kwa hesabu kali, ambalo kwa kawaida huwa baharini mbali na macho ya watu. Ninasadiki kwamba ndiyo kazi iliyoeleza kwa ufupi zaidi cheo kizima: wale wale wanaodharauliwa kwa kuwa ni watu wa kiwandani walikuwa wametengeneza kitu kizuri, na kilichokosekana ni mtu wa kukiweka mahali pa kutazamwa.

Hapa ndipo linapoingia suala la fedha, nalo halipaswi kupuuzwa. Cheo cha Uingereza wakati ule hakikuja na kasha la pesa. Mji uliopewa ulipaswa kuchangisha, na Hull ulikusanya zaidi ya pauni milioni 32 kutoka serikalini, mifuko ya bahati nasibu ya taifa, makampuni na wahisani. Wapo waliosema fedha hizo zingejenga zahanati. Hoja hiyo ina uzito wa kimaadili, ila inadhani kwamba fedha hizo zilikuwapo mjini zikisubiri kugawanywa. Sehemu kubwa ilikuja kwa sababu ya cheo na kwa ajili ya cheo, na bila cheo ingekwenda katika miji mingine. Tathmini ya awali iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Hull ilionyesha kwamba zaidi ya wakazi tisa katika kila kumi walihudhuria angalau shughuli moja, na watu zaidi ya 2,000 walijitolea kuwaongoza wageni. Kwa mji ambao wengi wake hawakuwa na desturi ya kuingia katika majumba ya sanaa, hilo ni jambo kubwa.

Lakini ni kweli pia kwamba cheo kinaweza kuumiza. Mwaka 1990 kundi la waandishi na wanaharakati wa Glasgow lililojiita Workers City lilipinga sherehe za mji wao, likisema kwamba historia ya wafanyakazi ilikuwa inasafishwa ili kuwavutia wawekezaji. Sioni kwamba walikuwa wapinzani wa utamaduni. Walikuwa wanaulinda dhidi ya kutumiwa kama pambo. Na mwaka 2023 taasisi iliyoandaa mwaka wa Coventry iliingia katika ufilisi, ikaacha madeni na shughuli zilizokatika njiani. Mji unaoomba cheo bila mpango wa siku inayofuata hujiandalia fedheha.

Upo pia mji uliofika bila cheo. Dundee, bandari ya Scotland iliyojulikana kwa viwanda vya kusokota juti, ulishindwa na Hull mwaka 2013, kisha mwaka 2017 ukazuiwa kuendelea na ombi lake la cheo cha Ulaya kwa sababu Uingereza ilikuwa inajitoa katika Umoja wa Ulaya. Katikati ya mapigo hayo mawili uliingia katika Mtandao wa Miji Bunifu kwa fani ya usanifu mwaka 2014, na mwaka 2018 ukafungua jumba kubwa la makumbusho ya usanifu ukingoni mwa mto Tay. Waliokuwa wakisubiri tangazo ndipo wauone kuwa mji wa utamaduni walikuwa wamechelewa.

Hull, kwa upande wake, bado una kazi ambayo mwaka 2017 haikuweza kuimaliza. Gati la St Andrew's, zilikokuwa zikiondoka meli za wavuvi, lilifungwa mwaka 1975 na limebaki limejaa matope na magofu, ingawa hakuna mahali pengine mjini humo panapobeba kumbukumbu nzito zaidi. Halmashauri na mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa wamewekeza katika kuifanyia matengenezo Arctic Corsair, meli ya uvuvi iliyojengwa mwaka 1960, pamoja na meli ya taa ya Spurn ya mwaka 1927 na makumbusho ya bahari. Kabla ya matengenezo hayo, wageni waliopanda Arctic Corsair walitembezwa na wavuvi wastaafu, waliowaonyesha mahali nyavu zilipovutwa ubavuni na mahali barafu ilipopasuliwa kwa shoka ili meli isipinduke kwa uzito. Umri wa watu hao hauwezi kusubiri cheo kingine. Kuyarekodi maelezo yao na kulitunza gati lao ndiyo hatua ya utambuzi ambayo mji huo bado unaidai, na haihitaji mashindano yoyote.